RTX 3080 yenye "OC": ilifaulu dukani, ikafeli chumbani

Dogo mmoja wa mtaani kwetu aliniletea kadi ya grafiki ikiwa imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. RTX 3080, mtumba, na kwenye boksi lake kulikuwa na herufi mbili zilizomfanya aongeze hela: OC. Maana yake ni kwamba kampuni iliyounganisha kadi imeipandisha spidi kupita kiwango alichopanga mwenye chipu, tangu kiwandani. Kwenye rafu hiyohiyo kulikuwa na nyingine isiyo na herufi hizo, ya bei nafuu zaidi. Akaiacha.

"Kaka, dukani ilikuwa safi kabisa. Jamaa kaiwasha mbele yangu, ile pete ya manyoya imezunguka dakika ishirini, hamna shida. Nimefika nyumbani nafungua gemu, niko bado kwenye menyu, pap! Nipo desktopu."

Pete ya manyoya ni FurMark, programu inayochora donati lenye nywele linalozunguka kwenye skrini. Wauzaji wanaipenda kwa sababu inatisha: feni zinanguruma, joto linapanda, mnunuzi anaona kadi inateswa na haifi. Na mimi kwa miaka mingi nilikuwa naiamini hivyohivyo.

Nianze na namba, maana ndizo zilizomtoa dogo hela. Nvidia, ndiye mwenye chipu, ilipoitoa RTX 3080 sokoni tarehe 17 Septemba 2020, kwa dola 699, iliipa spidi ya msingi ya megahezi 1,440 na spidi ya kupandia ya 1,710. Matumizi ya umeme, wati 320. Memori, gigabaiti 10 za aina ya GDDR6X. Kampuni zinazonunua chipu hiyo na kuitengenezea bodi, feni na boksi zao zikaanza kuvimbiana: ASUS TUF OC ikaandikwa 1,785, Gigabyte Gaming OC na EVGA FTW3 Ultra zikaandikwa 1,800, MSI Gaming X Trio ikaandikwa 1,815. Ya dogo ilikuwa kwenye kundi la 1,800.

Kutoka 1,710 hadi 1,800 ni asilimia tano na ushei. Tuchukulie gemu linafuata spidi ya chipu unyayo kwa unyayo, bila kukwamishwa na memori wala prosesa. Halifanyi hivyo, lakini tuchukulie. Uliyekuwa unapata fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, 60 kwa sekunde utapata 63. Fremu iliyokuwa ikichukua milisekunde 16.7 itachukua 15.9. Anayedai anaiona tofauti hiyo bila kaunta kwenye kona ya skrini, namwomba aniazime macho yake.

Na hata hizo fremu tatu hazifiki zote, kwa sababu namba ya boksini siyo spidi ambayo kadi inachezea. Kadi za Nvidia hujipandisha zenyewe, hatua ya megahezi 15 kwa hatua ya megahezi 15, mradi chipu haijapata joto, umeme haujagota kwenye kikomo na volteji bado ipo. RTX 3080 ya kawaida iliyoandikwa 1,710, ikikaa kwenye kasha la kompyuta linalopumua vizuri, utaikuta inacheza kwenye 1,900 na zaidi. Ile ya 1,800 nayo utaikuta hukohuko juu, hatua chache mbele. Zote mbili zinagonga vikomo vilevile. Kwenye vipimo vya wachambuzi tofauti ya kadi hizi kwenye gemu ilikuwa asilimia chache tu, na mara nyingine ilihitaji rula kuiona.

Kinachotofautiana kweli ni kitu kingine. Kila chipu ina mstari unaosema volteji fulani inabeba spidi fulani. Kiwanda kinapoandika OC, kwa kawaida kinauinua mstari wote: volteji ileile, spidi zaidi. Wapo wanaochagua chipu kwa ajili ya kadi zao za juu kama mama anavyopeta mchele, na wapo wanaobadili namba kwenye BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kadi, wakapima, wakafunga boksi. Kwa vyovyote, kinacholiwa ni akiba. Mwenye chipu aliacha nafasi kati ya spidi aliyoiruhusu na spidi ambayo chipu inashindwa, kwa ajili ya chipu dhaifu kuliko zote, pawa saplai ya ovyo, na miaka inayokuja. OC ni kuikopa nafasi hiyo.

Sasa mezani. Kabla sijaigusa kadi yenyewe niliondoa visingizio. Dogo alikuwa ameilisha kadi kwa waya mmoja wenye vichwa viwili, ule unaotoka kwenye pawa saplai ukagawanyika mwishoni. Plagi moja ya pini 8 imepangiwa wati 150, na tundu la mazabodi linaongeza 75. Kuipa kadi ya wati 320 waya mmoja uliogawanyika ni sawa na kulisha nyumba nzima kwa ekstensheni. Halafu pawa saplai yake ilikuwa ya wati 650, wakati Nvidia kwa kadi hii ilishauri 750. Nikaihamishia kwenye mashine yangu yenye 850, kila plagi na waya wake, draiva (programu inayoiendesha kadi) imefutwa na kuwekwa upya. Ikafa vilevile. Basi tatizo lilikuwa lake.

Nikaiwasha ile pete ya manyoya, ila safari hii sikuangalia joto, niliangalia spidi. Wati ziligota kwenye kikomo ndani ya sekunde chache na chipu ikaanza kujishusha kujinusuru: 1,700, 1,600, ikatulia kwenye 1,500 na kitu. Ikakaa hapo. Feni zinapiga kelele kama mashine ya kusaga, na chipu inatembea chini ya spidi iliyoandikwa boksini. Dakika ishirini za kishindo dukani, na hakuna hata sekunde moja ambayo chipu ilifika mahali inapofia.

Nikazima, nikaiacha ipoe, nikafungua gemu. Menyu. Hakuna vita wala moshi, ni mhusika amesimama anapumua na maandishi pembeni. Mzigo mwepesi, chipu baridi, umeme tele. Spidi ikaanza kupanda ngazi: 1,965, 1,980, 1,995, 2,010. Ilipogusa 2,025 skrini ikaganda, sauti ikakwama kama sidii iliyokwaruzwa, tukarudi desktopu. Nikarudia. Safari ya pili ilifia palepale, ya tatu hatua moja chini yake.

Hapo ndipo nikaelewa na suala la chumba. Duka lile halina kiyoyozi, na kadi hizi hupunguza hatua kadiri chipu inavyopata joto. Nyumbani dogo ana AC, anaipiga mpaka unavaa sweta. Kadi ikipoa inajiona ina nafasi ya kupanda zaidi, inapanda, inafika pabovu. Joto la mchana wa Dar lilikuwa linaifichia aibu muuzaji, na nadhani mwenyewe hakujua.

Yeyote aliyefuatilia habari za kadi hizi mwaka 2020 atakuwa ameshatabasamu. Dalili hii ina historia, na ndiyo sababu nimekiandika kisa hiki kwa urefu.

Wiki moja tu baada ya RTX 3080 kutoka, wanunuzi wa kwanza, waliokuwa wamekesha mitandaoni kuipata, walianza kulalamika: gemu linajifunga ghafla spidi ikikaribia au kuvuka megahezi 2,000. Ukiishusha kwa megahezi 50 au 100, inatulia. Jina lililosikika mapema lilikuwa Zotac Trinity, na hapa pana jambo ambalo watu wengi walilipita: Trinity haikuwa kadi ya OC. Boksi lake lilisema 1,710, sawasawa na kiwango cha Nvidia. Ilikuwa inajipandisha yenyewe mpaka huko juu kama zilivyofanya za OC. Kwa hiyo aliyedhani amekwepa hatari kwa kukwepa herufi mbili hakuwa amekwepa chochote.

Igor Wallossek, Mjerumani mwenye tovuti ya igor'sLAB, akageuza kadi na kutazama mgongo wake. Nyuma ya chipu, upande wa pili wa bodi, kuna nafasi sita za kapasita, vidude vinavyotunza umeme kidogo na kuutoa haraka. Chipu inapohitaji umeme ghafla, na chipu hii inakunywa ampea mia mbili na zaidi kwa volti moja hivi, haiwezi kusubiri umeme usafiri kutoka pembeni mwa bodi. Unatoka kwanza kwenye hizo kapasita zilizo mgongoni pake. Kila nafasi mtengenezaji anaweza kuijaza kwa kapasita moja kubwa ya polima, au kwa kundi la kumi ndogo za kauri. Kubwa zina akiba nyingi na hazisumbui. Ndogo zinajibu haraka zaidi, ndizo zinazozima mitetemo ya kasi sana, ila ni ghali kuzipanga na zina udhaifu wake, bodi ikipinda huweza kupasuka. Nvidia kwenye kadi yake yenyewe iliweka nne kubwa na makundi mawili ya ndogo. ASUS TUF ilijaza sita zote kwa makundi ya ndogo. Trinity ilikuwa na sita kubwa.

Mtandao haukuhitaji zaidi ya hapo. Ndani ya siku moja kila mtu akawa hakimu wa kapasita. Watu wanaagiza kadi kwa kutazama picha ya mgongo wake, wanazihesabu kwa kidole. Hata jina walilolishika, POSCAP, halikuwa sahihi kwa nyingi ya kapasita hizo: POSCAP ni jina la bidhaa ya Panasonic, na nyingi ya zile zilizokuwa zikilaumiwa zilikuwa za aina nyingine, SP-CAP.

Hata hivyo moshi huo ulikuwa na moto wake. EVGA ilijitokeza hadharani ikasema kwamba FTW3 yenye sita kubwa ilifeli majaribio ya matumizi halisi wakati wa uzalishaji, ikawachukua karibu wiki nzima kupata sababu, wakahamia nne kubwa na ndogo 20, na ndiyo maana kadi hiyo ilichelewa. Roman Hartung, mtaalamu wa kupandisha spidi anayejulikana kama der8auer, alichukua kadi ya Gigabyte yenye sita kubwa, akang'oa mbili kwa mkono, akachomea makundi mawili ya ndogo. Alipata kama megahezi 30 za ziada kabla haijaanguka. Megahezi 30! Ni kitu, lakini siyo muujiza watu waliokuwa wakiusubiri. Gigabyte nayo ikatoa tamko kukataa kwamba kapasita peke yake ndiyo ya kulaumiwa. Na taarifa za kuanguka zilikuwa zinakuja pia kutoka kwa wenye kadi za Nvidia zenyewe, zilizo na ule mchanganyiko uliosifiwa.

Tarehe 28 Septemba Nvidia ikatoa draiva 456.55. Kwa waliokuwa wakilalamika, wengi wao, matatizo yakaisha siku hiyohiyo, na kadi zao zikiwa na kapasita zilezile. Waliopima waliona kilele cha spidi kimeshuka kidogo na mwendo wa kupanda na kushuka umelainishwa. Fremu hazikupungua kwa kiasi cha kumfanya mtu alalamike. Yaani siku 11 baada ya kuuza, mwenye chipu alirudisha sehemu ya akiba iliyokuwa imeliwa, na hakuna aliyeikosa.

Sehemu inayonigusa zaidi kama fundi ni jambo ambalo Wallossek aliliandika kuhusu kabla ya uzinduzi. Ili siri zisivuje, kampuni washirika hazikupewa draiva kamili mapema. Walikuwa na programu za Nvidia za kukagua na kuibebesha kadi mzigo, siyo uwezo wa kufungua gemu na kucheza. Walipima kadi zao kwa mzigo mzito uliotulia, zikafaulu, zikapakiwa. Ni pete ya manyoya ileile ya duka la dogo, kwa kiwango cha viwanda.

Turudi kwenye kadi ya taulo. Draiva yake ilikuwa mpya kabisa, kwa hiyo tiba ya 2020 ilikuwa tayari ndani. Nikachukua bisibisi, nikatoa bamba la nyuma. Waranti ilishajifia zamani. Nilijiambia nitakuta sita kubwa, kesi ifungwe.

Nikakuta nne. Nyeusi, bapa, saizi ya punje ya hindi, na katikati yake makundi mawili ya vidude vya rangi ya udongo, kumi huku na kumi huku, kila kimoja kama mbegu ya ufuta. Hakuna kilichopasuka hata nilipopitisha lensi. Mpangilio uleule ambao mwaka 2020 watu walikuwa wakiuita salama. Ningeinunua kadi hii kwa kuhesabu punje, ningejipongeza njia nzima.

Kilichokuwa kibaya hapo ndani ni pedi za joto za memori: zimekauka, zimeacha mafuta kwenye bodi. Memori ya GDDR6X huanza kujipunguza ikifika nyuzijoto 110, na hii ilikuwa inachezea 106. Kadi nyingi za rika hili zilichimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, usiku na mchana mpaka Septemba 2022, mfumo huo ulipoacha kutumia uchimbaji, zikamwagika sokoni kwa wingi. Sina ushahidi wa kuiapisha hii, lakini pedi za mtu aliyecheza gemu jioni haziwi hivyo. Nikaweka mpya na pesti mpya. Memori ikashuka hadi 88. Kuanguka kwenye menyu kukabaki palepale.

Hukumu yangu, basi: chipu imezeeka kidogo. Iliyokaa miaka kwenye joto huhitaji volteji ya ziada kubeba spidi ileile, na kiwanda kilikuwa kimeshaila nafasi hiyo mapema. Nikashusha mstari kwa megahezi 30. Ikadumu muda mrefu, ikafa mara moja. Nikashusha 60. Saa nzima ya kuingia na kutoka kwenye menyu, kadi ikiwa baridi, kisha moto, kisha baridi tena, haikufa. Nikairudisha sifuri makusudi, maana kupona bila kuugua tena si ushahidi, ikaanguka kabla ya dakika tano. Nikarudisha 60.

Nikaona niende mbele zaidi. Umeme wa chipu unapanda kwa spidi mara mraba wa volteji. Ongeza spidi asilimia 5, na volteji asilimia 5 ili kuibeba, umelipa umeme asilimia 16 zaidi kwa fremu zako tatu. Geuza hesabu hiyo kichwa chini, upungufu huo unakuwa faida. Niliifungia chipu megahezi 1,800 kwa volti 0.85, isipande zaidi ya hapo. Wati zikashuka chini ya 280, feni zikanyamaza, na spidi haikuchezacheza tena, 1,800 kwenye menyu, 1,800 kwenye vita. Kwa mara ya kwanza boksi likawa limesema kweli. Fremu zilizopotea dogo alizitafuta kwa dakika kumi, akaacha.

Kuhusu bei nilimwambia wazi. Kadi za OC mara nyingi huja na hitisinki (chuma cha kutoa joto) nene zaidi na bodi yenye umeme mpana zaidi, na hivyo ndivyo ningelipia, kwa sababu kelele na joto utaishi navyo kila siku. Hii yake ina hitisinki nzuri kweli. Namba 1,800 yenyewe nisingeitolea hata nauli. Na kwa mtumba ningeenda mbali zaidi: OC iliyofanya kazi miaka kadhaa naihesabu ina thamani chini ya mwenzake wa kawaida, mpaka inionyeshe vinginevyo ikiwa baridi.

Jumamosi akairudisha dukani akiwa na video ya menyu kwenye simu. Muuzaji, kabla hajasikiliza hata nusu ya maelezo, akaichomeka kadi na kuwasha pete ya manyoya. Dogo akaiacha izunguke. Ilipomaliza akaomba izimwe, wasubiri ipoe, wakanywa soda, kisha akafungua gemu, bila ule mpangilio wangu.

Alirudi jioni na kadi ileile kwenye taulo lilelile, na ile tofauti ya bei mfukoni, pungufu ya bodaboda.